TAZARA mpya: je, treni itasimama Mbingu?

Siku hizi ukikaa kijiweni hapa Ifakara hukosi habari ya reli. Wapo wanaosema mwendokasi unakuja, wapo wanaosema SGR. Tuweke sawa kwanza: SGR, ile ya umeme, inapita Morogoro na Kilosa kwenda Dodoma. Huku kwetu haiji. Kinachokuja ni ukarabati wa TAZARA, reli ileile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia.

Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya CCECC ya China. Thamani yake ni dola za Marekani bilioni 1.4, na muda wake miaka 30: mitatu ya kukarabati, 27 ya kuendesha.

Kwa nini sasa? Shaba. Zambia na Kongo wanaichimba, na dunia inaitaka kwa nyaya za umeme na magari ya betri. Marekani na Umoja wa Ulaya wanasaidia reli nyingine, inayopeleka mzigo huohuo upande wa pili, bandari ya Lobito kule Angola. Kwa hiyo hesabu inayopigwa ni ya mzigo wa mbali unaokimbilia bandarini. Sisi tuko katikati ya njia tu.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Kwa bonde la Kilombero, TAZARA haikuwa reli ya shaba. Ilikuwa reli ya gunia la mpunga na mkungu wa ndizi. Waliozidi miaka thelathini wanaikumbuka Kipisi, treni fupi iliyokuwa ikienda kati ya Kidatu na Makambako na kusimama kila stesheni. Nikiwa mtoto niliipanda na shangazi yangu kutoka Mngeta. Yeye alikaa juu ya magunia yake, mimi nikatumwa dirishani kuangalia kama ndizi zetu zimepakiwa. Wakati ule treni ikisimama, soko linafunguka papo hapo: samaki wa kukaanga, wali, miwa, kuku wa miguu iliyofungwa.

Treni ya mzigo haina subira ya namna hiyo. Kila ikisimama ni gharama. Hata SGR tumeiona: Dar es Salaam hadi Dodoma chini ya saa nne, jambo zuri sana, lakini treni ya haraka inavipita vituo vidogo kama haijaviona.

Mtu wa Ifakara mjini hataumia sana. Lami ya kwenda Kidatu ipo, mabasi yapo. Wa Mbingu, Chita na Mlimba ndio wa kuulizwa. Masika ikikolea, njia ya huko inakuwa tope, na mwenye lori anakupangia bei ya mpunga wako anavyotaka kwa sababu anajua huna pa kwenda. Kama treni ya kawaida inapita mara mbili kwa wiki, bei hiyo unaweza kuikataa.

Mimi siupingi ukarabati. Reli imechoka, na anayesubiri treni hadi usiku wa manane hahitaji kuelezwa hilo. Ila maofisa wakija kwenye mkutano wa kijiji, tusiishie kuuliza ajira za vibarua. Wenye bustani karibu na reli waulize mipaka ya hifadhi ya reli iko wapi hasa, kabla mazao hayajawekwa alama ya X. Na sote tuombe tuonyeshwe kwa maandishi: treni ya abiria inayosimama stesheni ndogo itapita mara ngapi kwa wiki, itasimama wapi, na gunia litalipiwa shilingi ngapi.

Shangazi bado analima Mngeta. Ameniambia yeye anataka kujua hilo la gunia tu.