Kuweka na Kuwekea: Mjaribu Programu Mbele ya Kipengele Kisichoandikwa

Katika kazi ya kujaribu programu za simu na za kompyuta, neno la mwisho huwa ni la waraka wa mahitaji. Mjaribu husoma kile ambacho programu imeagizwa kufanya, kisha huitazama kama inakifanya. Tatizo huzuka pale programu inapofanya jambo ambalo waraka haukuliagiza wala haukulikataza. Mazoea yamezaa njia mbili: kuliingiza jambo hilo katika orodha ya hitilafu ili lifutwe, au kulinyamazia kwa kuwa halikuwamo katika yaliyotakiwa kupimwa. Njia zote mbili zina upungufu. Mjaribu anayefanya kazi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili anao ushahidi mwingine asioutumia, nao ni kitenzi cha mtumiaji.

Ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga unatoa mfano ulio wazi. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu, aliyepata mgao wake baada ya mawe kusagwa karashani na dhahabu kuuzwa, anataka fedha zimfikie mama yake aliyeko kijijini Shinyanga. Kwa mujibu wa mpango wa M-Pesa, iliyoingia Tanzania mwaka 2008, na wa huduma nyingine za aina hiyo, alipaswa kuweka fedha katika akaunti yake mwenyewe, kisha azitume na kulipa ada. Badala yake humkabidhi wakala noti pamoja na namba ya mama. Wakala huingiza namba hiyo, kiasi, na namba yake ya siri; mtambo hauna njia ya kujua kama aliyesimama dirishani ndiye mwenye akaunti. Fedha zimefika, na ada ya kutuma haikulipwa. Waraka unasema “kuweka”. Mchimbaji anasema “kumwekea”.

Tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo. Katika waraka, mwekaji na mwenye akaunti ni mtu mmoja. Lakini kitenzi “weka”, mara kilipoandikwa kwenye menyu, kiliingia pamoja na minyambuliko yake yote, na kauli ya kutendea ilikuwa tayari imemwandalia mama nafasi ndani ya neno. (Wafasiri wa menyu wasilaumiwe: waliombwa maneno, hawakuombwa sarufi.) Ndivyo ilivyo pia kwa anayeomba atumiwe fedha “na ya kutolea”, yaani pamoja na kiasi cha kufidia makato ya wakala. Hapo kauli ileile ya kutendea imeunda kanuni nzima ya adabu ya kutuma fedha, kanuni ambayo ni ya watumiaji na si ya wahandisi.

Kitenzi “kubipu” ndicho kikongwe zaidi katika kundi hili. Mtandao ulijengwa ili simu isiyopokewa isitozwe. Haukujengwa ili simu hiyo iwe ujumbe. Watu wakaigeuza ujumbe, wakaitungia kanuni za nani ambipu nani na lini, na neno la mkopo likaanza kunyambuliwa: kubipiwa, kubipiana. Jonathan Donner alizichambua kanuni za namna hiyo mwaka 2007, akitumia hasa mifano ya Rwanda. Huko Afrika Kusini, Vodacom ilikuwa imekwisha kuanzisha mwaka 2001 ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa Kenya kuanzia mwaka 2005 kama njia ya kurejesha mikopo midogo. Wateja wa jaribio wakaitumia kuhifadhi fedha wanaposafiri na kulipana wao kwa wao. Ilipozinduliwa mwaka 2007, kilichotangazwa ni kutuma fedha nyumbani. Lau matumizi hayo yangeandikwa kuwa hitilafu, na yakafutwa, huenda historia ya huduma hiyo ingekuwa nyingine.

Hata hivyo, kitenzi si hati ya uhalali. Mchimbaji anayemwekea mama yake hapati ujumbe wa uthibitisho. Tarakimu moja ikikosewa, fedha zimekwenda kwa mgeni naye hana cha kuonyesha. Dola nayo haiwezi kufuatilia chanzo cha fedha hizo, jambo lisilo dogo katika ukanda ambao utoroshaji wa dhahabu ulichangia kuanzishwa kwa masoko ya madini mwaka 2019. Kwa sababu hiyo mjaribu hapaswi kujifanya hakimu. Anachopaswa kufanya ni kukiandika kipengele hicho mahali pake, nje ya orodha ya hitilafu, kwa kitenzi cha wanaokitumia, na kueleza ni nani atakayeumia kikifungwa: kwa mfano, mchimbaji ambaye simu yake imeharibikia duarani na ambaye hana akaunti nyingine ya kupitishia fedha.

Hyrum Wright, mhandisi wa programu, amekwisha kuonya kwamba watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mtambo inayoonekana itapata mtu wa kuitegemea. Onyo hilo halisemi mtu huyo atatambuliwaje. Chukulia programu ya kuandikisha mgao wa dhahabu, iliyoundwa kwa kufuata Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Itakuwa na nafasi ya mwenye leseni. Mwenye duara, anayegharamia uchimbaji, huenda akajikuta ameandikwa kwenye nafasi ya “maelezo mengine”, na mjaribu aliyeko Dar es Salaam atadhani kuwa karani amekosea.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, kazi iliyotolewa mwaka 2004, na istilahi zimeendelea kuundwa tangu hapo. Kazi hiyo huanzia kwenye waraka na kumshukia mtumiaji. Mwanafunzi wa uzamili atakayekaa mwezi mmoja kando ya dirisha la wakala huko Nyarugusu, akiandika vitenzi tu, atakuwa ameanzia upande wa pili.