Kamera ya video isimeze fedha ya pamba

Pamba inapokwisha kupimwa na wakulima kulipwa fedha zao, Nkololo wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, kama kata nyingine za Usukuma, huingia katika kipindi cha sherehe. Harusi hufungwa, ngoma za Bagika na Bagalu hushindana, na shule hufanya mahafali. Siku hizi karibu kila shughuli inataka video. Si ajabu basi kumkuta kijana akimshawishi baba yake auze maksai, au atoe sehemu ya fedha ya pamba, ili inunuliwe kamera ya HD na biashara ianze.

Wazo hilo si baya. Vijijini kunahitajika ajira nje ya shamba, hasa miezi ambayo jembe limepumzika. Hata hivyo, maksai akitunzwa hulima msimu hadi msimu, na akizeeka bado ana bei mnadani. Kamera huanza kushuka thamani siku inapotoka dukani. Kwa mantiki hiyo, anayebadilisha maksai kwa kamera anapaswa kujua kwa hesabu ni shughuli ngapi zitarudisha mtaji wake.

Tuchukue mfano wa bei ya pamba ya sh 1,000 kwa kilo, na seti nzima ya kazi yenye thamani ya sh 1,500,000. Hapo ni kamera sh 900,000, betri ya ziada na kadi za kumbukumbu sh 150,000, stendi ya miguu mitatu sh 120,000, kipaza sauti sh 100,000, kulipia kompyuta ya kuanzia sh 100,000 na akiba ya matengenezo sh 130,000. Jumla hiyo ni kilo 1,500 za pamba. Kwa mkulima anayevuna kilo 300 kwa ekari, ni mavuno ya ekari tano, kabla hajatoa gharama ya dawa na vibarua.

Endapo shughuli moja italipa sh 100,000, na nauli, msaidizi, uhariri na flashi ya mteja vikala sh 40,000, zinabaki sh 60,000. Zitahitajika shughuli 25 kurudisha mtaji. Kijana anayepata shughuli 15 kwa msimu atamaliza mwaka wa kwanza bado anadai sh 600,000. Ikiwa fedha hizo ndizo zilikuwa za mbegu, dawa na kulimia, familia itaingia msimu unaofuata mikono mitupu. Hatari kubwa iko hapo.

Kosa la kwanza ambalo wanunuzi hufanya ni kusoma maandishi makubwa kwenye boksi. HD ni picha yenye nukta 1,280 kwa 720, na HD kamili ni nukta 1,920 kwa 1,080. Picha ya 4K ina nukta mara nne ya HD kamili, hivyo inataka kadi kubwa na kompyuta yenye nguvu, ambayo nayo ni gharama. Aidha, zipo kamera za bei ya chini zinazoandikwa 4K ilhali kioo chake cha kunasia picha hakifikii kiwango hicho, bali picha hutanuliwa tu. Dawa yake ni kuijaribu: mnunuzi arekodi maandishi ya mbali, kisha aombe picha hiyo ioneshwe kwenye televisheni ya dukani kabla ya kutoa fedha.

Jambo la pili ni lenzi. Kamera inayovuta picha kwa lenzi yenyewe huleta kitu karibu bila kuharibu ubora. Ile inayovuta kwa programu hukuza nukta tu, na mcheza ngoma aliyeko katikati ya uwanja huonekana kama ukungu. Kwa harusi zinazoendelea hadi usiku chini ya hema, jambo la kuuliza ni jinsi kamera inavyofanya kazi kwenye mwanga hafifu, kwa sababu kamera nyingi ndogo hutoa picha ya chengachenga jua likizama.

Tatu ni sauti, ambayo wengi huisahau. Mteja huvumilia picha yenye kasoro ndogo, lakini havumilii kiapo cha ndoa kisichosikika. Kamera isiyo na tundu la kipaza sauti cha nje isinunuliwe kwa kazi hii, hata ikiwa rahisi. Na kwa ngoma za Kisukuma, ambazo mlio wake ni mzito, inafaa kamera inayoruhusu kupunguza kiwango cha sauti kwa mkono, la sivyo rekodi yote itakwaruza.

Nne ni mfumo wa fremu. Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hurekodi fremu 30 au 60, na chini ya baadhi ya taa za umeme picha huonekana inapepesa. Kamera yenye uwezo wa fremu 25 au 50, au inayoweza kubadilishwa, ndiyo salama. Hili ni muhimu hasa kwa kamera za mitumba.

Tano ni muda wa kurekodi. Kamera nyingi za picha za mnato zenye uwezo wa video zilitengenezwa zikijizima karibu na dakika ya 30. Bibi harusi hawezi kusimamishwa asubiri kamera iwashwe upya. Vilevile, video ya megabiti 24 kwa sekunde hula takriban GB 10.8 kwa saa, hivyo shughuli ya saa sita inataka karibu GB 65. Kadi mbili za GB 32 hazitoshi kabisa. Kadi bandia nazo zipo, kwa hiyo kila kadi mpya ijazwe mpaka mwisho nyumbani na kukaguliwa kabla ya kupelekwa kazini.

Sita ni vipuri. Mwaka 2009 kampuni ya Cisco ya Marekani ilinunua watengenezaji wa kamera ndogo maarufu za Flip, na mwaka 2011 ikaifunga biashara hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kununua, aulize kama betri na chaja vinapatikana Mwanza, si Dar es Salaam au Dubai pekee.

Kuna kosa jingine la kibiashara. Mpiga video hurekodi kwa HD kamili, kisha humkabidhi mteja DVD ya kawaida, ambayo kwa mfumo unaotumika nchini ina nukta 720 kwa 576 tu. Ubora uliogharimiwa na ekari tano unaishia hapo. Ni bora kumpa mteja kazi yake kwenye flashi, ambayo ataitazama kwenye simu au televisheni bila kupunguza ubora.

Kwa kijana asiye na mtaji, ipo njia ya katikati. Simu nyingi sasa hurekodi HD kamili. Mwenye simu nzuri akinunua kipaza sauti, stendi na kadi kwa sh 300,000, akatoza sh 60,000 na kubakiwa na sh 30,000, atarudisha fedha zake kwa shughuli 10. Haitamfaa kwa uwanja mkubwa wa ngoma, lakini itamfundisha kazi na kumpatia wateja. Faida hiyo ndiyo inunue kamera, si maksai wa baba.

Wengine wajiunge katika kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia nne ni ya vijana. Hata hivyo, ratiba ya marejesho izingatie kwamba sherehe hupungua wakati wa kilimo, na fedha pia.

Soko nalo lisitazamwe kwa harusi pekee. Nchini India, mradi wa Digital Green ulionesha kwamba wakulima hujifunza kwa video zinazowaonesha wakulima wenzao. Vyama vya ushirika vya msingi vya Bariadi vinaweza kuwalipa vijana wao warekodi namna ya kukagua funza wa vitumba au kupanda kwa nafasi, kwa lugha ya wakulima wenyewe. Kazi hiyo huja wakati wa kilimo, miezi ambayo sherehe ni chache.

Mwisho, anayerekodi ngoma kwa ajili ya kuuza aandikiane na manju kwanza, kwani Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi. Kila shughuli iandikwe, kilichoingia na kilichotoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kijana wa Nkololo anayetaka kamera aanze kwa kununua daftari.