Tahajia Moja, Maana Mbili: Maoni Kuhusu "Marafiki wa Uongo" katika Lugha za Ulaya

Katika ufundishaji wa tafsiri imekuwa desturi kumpa mwanafunzi orodha ya maneno ya lugha mbili yanayoandikwa sawa lakini yenye maana tofauti, kisha kumwonya ajihadhari nayo. Maneno hayo huitwa "marafiki wa uongo", istilahi inayotokana na kitabu cha Maxime Koessler na Jules Derocquigny kuhusu msamiati wa Kiingereza, kilichochapishwa Ufaransa mwaka 1928. Makala haya yanadai kwamba orodha hizo, pamoja na manufaa yake, huchanganya mambo mawili yasiyofanana, na kwamba mchanganyiko huo humwacha mfasiri bila kinga pale anapoihitaji zaidi.

Jambo la kwanza ni sadfa. Neno "pain" kwa Kiingereza ni maumivu, na kwa Kifaransa ni mkate. Lile la Kiingereza limetokana, kwa kupitia Kifaransa cha kale, na neno la Kilatini "poena", yaani adhabu. Lile la Kifaransa limetokana na "panis", yaani mkate. Vivyo hivyo "burro" ni punda kwa Kihispania na siagi kwa Kiitaliano. Maneno haya hayana undugu wowote. Yamekutana njiani tu. Sadfa ya namna hii huchekesha kuliko inavyodhuru, kwa kuwa muktadha huifichua mara moja. Mfasiri akiandika kwamba mtu fulani alipaka punda kwenye mkate, hahitaji mhariri kumweleza kuwa amekosea.

Jambo la pili ni maneno yenye asili moja ambayo maana zake zimeachana. Neno "gift" kwa Kiingereza ni zawadi. Kwa Kijerumani ni sumu. Kwa Kiswidi ni sumu na pia ni sifa ya mtu aliyeoa au kuolewa. Maana zote hizo zimetoka katika mzizi mmoja wa Kijerumaniki wenye maana ya kutoa au kupa. Sumu iliitwa "kilichotolewa" kwa kuiga neno la Kigiriki na Kilatini "dosis", ambalo nalo maana yake ya asili ni tendo la kutoa. Kijerumani kimehifadhi maana ya kale katika "Mitgift", mali anayopewa bibi harusi na wazazi wake aende nayo kwa mumewe. Neno "camera" nalo ni chumba kwa Kiitaliano, ilhali kwa Kiingereza ni kifaa cha kupigia picha, ambacho Kiswahili kimekipokea kwa jina la kamera. Kiungo chake ni "camera obscura", yaani chumba chenye giza, ambamo mwanga uliopita katika tundu dogo ulitoa taswira ya vitu vya nje. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kundi hili la pili ndilo la hatari, kwa sababu maana zake hukaa jirani na muktadha huweza kuzikubali zote. Neno "sensible" kwa Kiingereza cha leo ni mwenye busara. Kwa Kifaransa na Kihispania ni mwepesi wa kuhisi au kuguswa. Riwaya ya Kifaransa ikimweleza mtoto kwa neno hilo, mfasiri aliyezoea Kiingereza anaweza kumfanya mtoto huyo mwenye busara, na hakuna chochote katika sentensi kitakachomshtua msomaji. Kosa litapita, na mhusika atakuwa mtu mwingine.

Mfano ulio mzito zaidi ni "billion". Nicolas Chuquet, Mfaransa, alilitumia neno hilo katika hati yake ya mwaka 1484 kwa maana ya milioni mara milioni, yaani 1 yenye sifuri 12. Baadaye matumizi ya Ufaransa yalilishusha hadi milioni elfu moja, yaani sifuri 9, na Marekani ikaifuata maana hiyo. Uingereza ilibaki na sifuri 12. Mwaka 1961 Ufaransa ilirejea rasmi kwenye sifuri 12. Na Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilieleza Bunge la Uingereza kwamba serikali yake ingelitumia neno hilo kwa maana ya sifuri 9. Kwa hiyo, katika muda wa miaka 13, nchi mbili jirani zilibadilishana maana ya neno lisilobadilika hata herufi moja. Kifaransa na Kijerumani vina neno jingine, "milliard" na "Milliarde", kwa sifuri 9. Ndiyo maana "billion" hukaa juu yake. Hapa fikra ya Ferdinand de Saussure, iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, inathibitika: thamani ya neno hutokana na majirani zake katika mfumo wa lugha, wala si umbo lake pekee.

Huenda ikasemwa kwamba kamusi nzuri inatosha. Haitoshi. Kamusi ya leo haimsaidii mtu anayesoma ripoti ya Uingereza ya mwaka 1950, iliyoandikwa kwa lugha ileile na tahajia ileile. Anachohitaji ni historia ya neno na tarehe ya matini.

Hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Bilioni ya Kiswahili ina sifuri 9. Mfasiri anayeichukua "Billion" ya Kijerumani na kuandika bilioni huipunguza hesabu mara elfu moja, iwe ni ya deni au ya bajeti, na sentensi yake itasomeka vizuri kabisa. Inafaa basi orodha za darasani zigawanywe: maneno ya sadfa yatajwe kwa ufupi, na yale yenye asili moja yafundishwe kwa historia yake, pamoja na miaka ambayo maana ilibadilika. Onyo peke yake humfundisha mwanafunzi kuogopa maneno machache aliyoonyeshwa. Historia humfundisha kuyahoji hata yale asiyowahi kuonyeshwa.