Tumbo la wasiwasi lisipuuzwe

Wapo miongoni mwetu, tuliokimbilia Zaire na Sudan baada ya vita vya 1979, ambao hadi leo tumbo huwasokota kila waonapo kizuizi cha mpakani. Wakipimwa, hakuna minyoo wala vidonda. Hawajarogwa, wala hawadanganyi: ubongo na utumbo huwasiliana kwa mishipa ya fahamu.

Katika makazi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa 2020. Waliofundishwa kwa vikundi kutuliza mawazo walipungukiwa na dhiki. Kwingineko, madaktari hutibu hata matumbo ya namna hii kwa mazungumzo na kupumua taratibu.

Tunaiomba wilaya ya Koboko ifikishe mafunzo hayo Dranya. Ila anayekonda au kupata choo chenye damu aanzie hospitali.