Walikuhesabu Meno Ukiingia. Ukitoka Je?

Jeshi likitangaza kuandikisha, Takaungu huwa hatulali. Alfajiri watu wako stage, bodaboda zimebeba watatu watatu, kila mtu na bahasha ya vyeti kifuani. Ukifika uwanjani utakimbia pekupeku, utavua shati, utafungua mdomo uhesabiwe meno. Utaangaliwa nyayo kama ni bapa, makovu, macho, masikio. Kuna majamaa hurudi wanalia kwa sababu ya nyayo tu. Sawa, sina neno. Jeshi lina haki ya kutaka mtu mzima.

Lakini hebu fikiria ile karatasi inayojazwa siku hiyo inasema nini. Inasema serikali, kwa daktari wake yenyewe, imekukagua kutoka utosini hadi unyayoni na haikuona kasoro. Iweke akilini hiyo karatasi, nitairudia.

Ami yangu alipita kwenye laini kama hiyo akiwa na miaka 21. Alikuwa mwogeleaji kwelikweli, anavuka mto wetu maji yakiwa yamejaa na kurudi bila kupumzika. KDF ilipoingia Somalia Oktoba 2011 yeye alikuwa tayari kazini, na zamu yake ikafika baadaye. Siku moja gari lililokuwa mbele yao likakanyaga bomu. Ami hakukatika hata kidole. Hakutoka damu. Na hapo ndo shida ilipo, juu jeraha lisilo na damu halina shahidi. Alirudi na mlio kwenye sikio la kushoto, anasema ni kama jenereta ya harusi ambayo mwenyewe ameenda kulala akaisahau. Usikivu ukawa unapungua mwaka baada ya mwaka. Usiku anashtuka, anakaa wima, jasho linamtoka.

Mtaani tukampa jina, Spika, kwa vile anavyoongea kwa sauti. Runinga yake inasikika hadi msikitini. Mimi mwenyewe nimelitumia hilo jina, tena mbele yake, juu nilijua hanisikii.

Siku ya kupimwa kabla ya kuacha kazi aliulizwa kama ana tatizo lolote. Akasema yuko sawa. Ukimuuliza leo kwa nini, anakwambia alikuwa anataka kurudi nyumbani, na isitoshe askari hafundishwi kulalamika. Simlaumu aliyeandika "sawa", aliandika alichoambiwa. Ila neno hilo moja limegongomelewa kwenye faili kama msumari, na kila akidai fidia ya ulemavu, msumari unamchoma yeye.

Familia tukachanga. Tukampeleka kwa daktari mmoja wa kulipia, jina sitaji, elfu tatu, akatuandikia barua ya mistari miwili: mtu huyu hasikii vizuri, tafadhali msaidieni. Muhuri ulikuwa mkubwa kuliko maelezo. Tulifurahi wallahi, tukaona tumemaliza. Kumbe tulichobeba ni kadi ya harambee.

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama wakubwa watanuna: mtu anayepima ulemavu wako asiwe amekalia kiti kimoja na mtu atakayeulipa. Si kwamba madaktari wa jeshi ni waongo. Wengi nina hakika ni watu safi. Lakini hata kwenye mechi ya mchangani, Takaungu na Mnarani, hatukubali refa avae jezi ya upande mmoja, na pale tunagombania mbuzi tu. Hapa tunazungumzia sikio la mtu, usingizi wake, na chakula cha watoto wake.

Kuna watakaosema daktari ukimlipa wewe ataandika unachotaka. Wapo wa namna hiyo, nimewaona, na wanawaharibia wenye madai ya kweli. Ndiyo maana ripoti ya maana haitegemei muhuri, inaonyesha ilivyofikia jibu. Chukua hili la masikio. Mtu aliyechoka masikio kwa uzee na mtu aliyeumizwa na kishindo si lazima wafanane kwenye kipimo. Unavaa vile vya kufunika masikio, unasikilizishwa sauti nyembamba na nene, majibu yanachorwa kama mstari. Kwa uzee mstari kwa kawaida unateremka polepole kuelekea sauti nyembamba. Kwa kelele na mlipuko mara nyingi unakuta shimo karibu na hezi 4,000, halafu mstari unapanda tena kidogo. Na vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa kwa binadamu havioti tena. Daktari wa masikio anayejua kazi yake atasoma faili lako lote la jeshi, ataanza na ile karatasi ya uwanjani inayosema uliingia mzima, ataweka mchoro wa kipimo, ataeleza kwa nini huu si uzee, na mwisho ataandika kama kuna uwezekano mkubwa kuwa chanzo ni kazi. Hiyo haijazwi kwa mistari miwili. Na anayetaka kuipinga itabidi naye aonyeshe kipimo chake, siyo aseme "hapana" tu.

Umeona sasa kwa nini nilikuambia uiweke akilini ile karatasi? Ushahidi mzuri kuliko wote wa mwanajeshi aliyeumia waliuandika wao wenyewe siku ya kwanza.

Kitu kilichonikera kuliko vyote ni hiki. Fundi wa mjengo akianguka ngazini pale Vipingo, kuna sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya kuumia kazini, ile watu wanaiita WIBA. Inampa njia ya kupimwa, kuandikiwa kiwango cha ulemavu, na kupinga akiona ameonewa. Sheria hiyo, kifungu cha 3, inasema inawahusu wafanyakazi wote, hata wa serikali, isipokuwa wanajeshi. Soma tena hapo mwisho. Mwanajeshi ana utaratibu wake wa ndani, na kule ndani ndo raia kama mimi na wewe hatuoni kitu.

Ila msikubali kuambiwa ati askari hana haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 24, imetaja moja moja haki ambazo sheria inaweza kuwapunguzia wanajeshi. Faragha imo, kukusanyika imo, mambo ya vyama imo. Haki ya kupata habari, kifungu cha 35, haimo. Haki ya kupewa sababu kwa maandishi ukiumizwa na uamuzi wa ofisi, kifungu cha 47, haimo pia. Halafu kuna sheria ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi, inayokupa haki ya kuomba kuona taarifa zako. Kwa hiyo ami anaomba nakala ya faili lake la matibabu, kwa barua, na anabaki na nakala ya hiyo barua. Akiambiwa ni mambo ya usalama wa taifa, ajibu kwa adabu kwamba sikio lake halijawahi kuwa siri ya serikali.

Marekani si peponi, na kule pia kuna wauza barua. Lakini sheria yao ya wastaafu wa jeshi inasema ushahidi ukilingana pande mbili, faida ya shaka inaenda kwa mwanajeshi. Agosti 2022 wakapitisha nyingine, PACT: waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan, maradhi kadhaa yanahesabiwa moja kwa moja kuwa yametokana na kazi, mtu hahangaiki kuthibitisha upya. Mwaka huohuo 2022 Kenya nayo ikapata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Vizuri. Sasa nataka twende mbele. Mtu asivue gwanda kabla ya kukabidhiwa faili lake lote. Akitaka daktari wa nje, serikali ilipe, juu pensheni ya askari wa kawaida haiwezi kulipia mtaalamu Mombasa. Na bodi ikimkatalia, iandike kwa nini, ijibu ripoti hoja kwa hoja.

Na sisi nyumbani tusijifanye wasafi. Ami alipoanza kushtuka usiku, jibu la kwanza lilikuwa jini. Akaletewa kombe. Kombe anywe, sipingi, mimi mwenyewe nimekunywa wakati wa mitihani. Lakini kwa nini jina la daktari wa akili likitajwa tu watu wanaanza "atapelekwa Port Reitz" na vicheko? Kiwewe cha vita ni ugonjwa, una jina, una matibabu, na unaweza kuhesabiwa kwenye ulemavu ikiwa umeandikwa na mtaalamu. Usipoandikwa haupo. Kila mwaka tunaomficha mzee kwa aibu, faili lake linabaki jeupe, halafu siku ya bodi tunashangaa.

Kwa nyinyi mnaojiandaa kwa laini ijayo, sikuzuieni, nendeni. Ila ukipimwa, omba nakala. Ukiumia, hata kama ni kizunguzungu, nenda zahanati ya kambi iandikwe na tarehe. Usiseme "niko sawa" kwa sababu wenzako wanakuangalia. Na kabla ya kumlipa daktari yeyote wa nje, hakikisha yumo kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, iko mtandaoni, dakika mbili.

Jumanne tunampeleka ami Mombasa kupimwa masikio upya, matatu ya alfajiri. Mwenzake waliyekuwa naye gari moja siku ile ametuma maelezo yake, kurasa mbili, kwa mkono, tarehe na kila kitu. Nimeandika historia yote kuanzia ile laini ya uwanjani, ami akaisoma mara tatu, akanirekebisha sehemu mbili, halafu akaniuliza kwa sauti yake ileile kama Spika nimeliandika pia. Sikuliandika.

Kama kwenu kuna mzee wa jeshi mwenye mlio sikioni au usingizi wa vipande vipande, njoo na makaratasi yake. Baada ya laasiri niko barazani, simu yangu inaskani vizuri na bando nimeweka.