Tovuti ya biashara: Mbolea yote isimwagwe kwenye tuta moja

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi waliofungua tovuti hukumbana na tatizo moja. Tovuti ipo, picha zimewekwa, lakini mteja akiandika jina la bidhaa kwenye Google, haioni. Hapo ndipo hujitokeza mafundi wanaoahidi kuipandisha hadi ukurasa wa kwanza kwa malipo ya kila mwezi. Swali ni kiasi gani cha fedha na muda kiende kwenye kazi hiyo, na kiasi gani kibaki shambani na dukani.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye intaneti msemo huo ni kweli nusu. Asali safi isiyotajwa popote mtandaoni haiwezi kuonwa na mnunuzi aliye mbali. Lakini kujitembeza kupita kiasi nako kuna gharama, na makampuni makubwa yamekwishaionja.

Google haipokei fedha ili kuipa tovuti nafasi nzuri katika matokeo ya kawaida. Matangazo ya kulipia huwekewa alama yake. Programu zake hupitia kurasa, huzisoma na kuzipanga kwa kuangalia mambo mengi, likiwamo hili: tovuti gani nyingine zimeweka viungo vinavyoelekeza wasomaji kwenye ukurasa huo. Kiungo ni kama ushahidi wa jirani. Ndiyo maana wapo wanaouuza na wanaoununua.

Februari 2011, gazeti la The New York Times la Marekani lilieleza jinsi maelfu ya viungo kwenye tovuti zisizohusika kabisa yalivyoifanya kampuni ya maduka ya J.C. Penney ishike nafasi ya kwanza kwa bidhaa nyingi wakati wa mauzo ya sikukuu. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, ikaachana na washauri wake. Hata hivyo, Google iliishusha. Kwa waliotafuta mabegi ya Samsonite, ilianguka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 katika muda wa saa chache.

J.C. Penney ilikuwa na maduka yake Marekani kote, ikaendelea kuuza. Mfanyabiashara mdogo anayetegemea Google peke yake hana pa kushika akianguka hivyo. Google yenyewe huonya kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Anayeahidi hivyo aulizwe atafanya nini hasa, na maelezo yake yawe kwa maandishi.

Kazi ya kwanza ni ya mwenye biashara mwenyewe, nayo haina malipo. Aandike wazi anauza nini, kwa kipimo gani, msimu gani, yuko wapi na simu yake ni ipi. Atumie maneno ya mnunuzi. Mfugaji anayetafuta vifaranga huandika "vifaranga wa mayai" na jina la mji, haandiki "suluhisho bora la ufugaji".

Pili, ukurasa ufunguke haraka kwenye simu ya mkononi. Picha nzito zipunguzwe. Tatu, asajili biashara yake kwenye ramani ya Google, jambo ambalo ni bure, kisha aombe chama cha ushirika au wateja wake wenye tovuti wamtaje. Hivyo ni viungo vya haki.

Baada ya hapo, kipimo kitokane na mteja. Muuza mayai ambaye wateja wake wako mtaa wa pili hana sababu ya kulipa fundi kila mwezi. Mayai yasiyovunjika na simu inayopokelewa vitamfaa zaidi. Anayetafuta wanunuzi wa viungo vya chakula au kahawa katika nchi za nje ana sababu ya kutumia zaidi, kwa kuwa mnunuzi wake huanza kwa kutafuta. Hata yeye avumilie, maana matokeo yanaweza kuchukua miezi kadhaa.

Aidha, kanuni za Google hubadilika. Mwaka 2015 ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu katika utafutaji wa simu. Tangu 2024 imeanza kuweka majibu yaliyotungwa na akili bandia juu ya matokeo katika nchi nyingi, hivyo baadhi ya wasomaji hupata jibu bila kufungua tovuti yoyote. Nafasi iliyopatikana kwa jasho leo inaweza isilete wateja walewale kesho.

Njia rahisi ya kujua kama nguvu zimegawanywa sawasawa ni daftari. Kila mteja mpya aulizwe amepataje habari za biashara, na jibu liandikwe. Baada ya miezi mitatu hesabu itaonyesha ni wangapi walitoka Google, wangapi waliambiwa na jirani na wangapi walipita tu sokoni. Fedha za msimu unaofuata zifuate hesabu hiyo, si ahadi ya fundi.