Mtoto Hakatai Mboga, Anakataa Mapishi

Ndugu mkulima, neno la "mwanangu hali mboga" nimelichoka. Boga unapeleka gulioni, karoti unapeleka, hela unarudi na biskuti na soda. Kisha lawama kwa mtoto! Anachokataa ni mchicha uliochemshwa hadi ukawa mweusi, unaelea kwenye maji. Hata wewe huupendi.

Pika supu nzito. Chemsha vipande vya boga au viazi lishe, karoti mbili na kitunguu kwa maji kidogo hadi vilainike. Ponda kwa mwiko mpaka viwe laini kama uji. Tia tui la nazi au karanga zilizosagwa, chumvi kidogo, koroga, ichemke dakika 5. Tui na karanga si anasa: mafuta yake husaidia mwili kupata vitamini A iliyomo kwenye boga. Karanga zenye ukungu usitumie wala usiuze, zinaweza kuwa na sumukuvu.

Mwenye genge, nawe kata boga uuze vipande. Si kila mama ana hela ya boga zima.

Mkulima, kabla hujafunga gunia, tenga boga la watoto. Soko litasubiri, mtoto anakua leo.